Wanja wa Bi Chui

Sogeeni karibu, wanangu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kwenda sokoni kama sisi, Pimbi mmoja aitwaye Makame aliishi majabalini na dada yake, Kidawa. Pimbi ni mnyama mdogo, hazidi paka.

Chini ya majabali aliishi Bi Chui, muuza wanja. Kila akichanganya wanja mpya, aliujaribu kwanza kwenye macho ya wanyama wadogo aliowafungia kizimbani. Ukiwaunguza, aliumwaga. Usipowaunguza, aliuuza.

Siku moja akamkamata Kidawa.

Makame akabaki peke yake. Kila asubuhi alipika uji, akajikuta ameweka vikombe viwili. Akisikia kishindo nje, mbio hadi mlangoni. Kumbe upepo!

Akamwendea Nyati. "Kaka Nyati, nisaidie. Wewe una pembe."

"Mke wangu anaupenda wanja ule," Nyati akajibu. "Tena, pimbi mmoja tu! Utazoea."

Makame hakuzoea. Miezi miwili ilipita, akashindwa kuvumilia. Akashuka kwa Bi Chui.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu. Nani?"

Makame akachungulia. Bi Chui alikuwa mbele ya kizimba, kibuyu cha wanja mpya mkononi. Ndani, Kidawa alikuwa amejikunyata, macho yamevimba. Makame akajikaza.

"Lahaula! Bi Chui, unampaka yeye kwanza? Wanja huu wa mizizi myekundu?"

"Kwani kuna nini?"

"Hujasikia? Anayetangulia kuupaka ndiye anayechukua uzuri wote! Wa pili anaambulia weusi tu. Haya, mpake. Kesho mji mzima utakuja kumtazama pimbi."

"Pimbi anishinde mimi uzuri? Thubutu!"

Bi Chui akachovya kijiti, akajipaka jicho la kulia, akajipaka la kushoto.

Chwaaa!

"Uwiii! Macho yangu! Maji! Nileteeni maji!"

"Maji yapo, bibi. Nirushie ufunguo kwanza."

"Chukua! Chukua! Nakufa!"

Makame akadaka ufunguo. Kacha! Kizimba kikafunguka. Wadogo wote wakatoka wakikimbia. Kisha Makame akamsogezea Bi Chui mtungi wa maji, naye Bi Chui akanawa huku akilia.

"Ndivyo unavyouma?" Bi Chui akauliza kwa sauti ndogo.

"Muulize dada yangu," Makame akasema.

Wanyama wale hawakwenda kujificha. Walikwenda sokoni moja kwa moja, wakajipanga mbele ya kibanda cha wanja. Hawakumtukana mtu. Walisimama tu na macho yao mekundu. Mke wa Nyati akaja kununua. Akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa Kidawa.

"Ni kwa ajili ya huu?" akauliza. Akafuta wanja wake kwa kanga. Wenzake wakafuta wao.

Tangu siku ile, hakuna aliyenunua wanja ambao muuzaji hajajipaka mwenyewe kwanza.

Jicho moja la Kidawa lilipona. La pili halikupona. Jioni ya kwanza nyumbani, macho yote mawili yakiwa bado yamevimba, alimwambia Makame, "Nisimulie majabali yanavyoonekana jua likizama." Makame akamsimulia yote, taratibu, hata ufa mmoja asiuache.

Wanangu, uzuri uliomliza mwenzako usiutake.