Mrina Rubea na Masega ya Kiangazi

Enyi mabwana na mabibi mlioketi kwa adabu, nakuombeni masikio na nyoyo zenu, kwani niliyoyabeba ni mazito, na mzigo mzito haupendezi kubebwa na mtu mmoja.

Katika mji wa Tamrabadi alitawala Sultani Ghadhanfari bin Sabiki, na pembezoni mwa mji, penye msitu wa migunga, aliishi Rubea, mrina asali, pamoja na mama yake, Bi Mgeni. Siku moja, maua yakiwa yameanza kupukutika, Rubea aliona bumba la nyuki limening'inia tawini, kubwa kama mtungi, na akausugua mzinga mtupu kwa nta ili liingie, na alipotaka kulifukiza moshi, bumba likanena kwa sauti ya mwanamke:

"Zima moshi wako, ewe mwanadamu! Mimi ni jinni, na hawa ni wanangu. Tupe makao, nasi tutakupa asali kila migunga ichanuapo. Lakini masega ya kiangazi ni riziki yao. Ukiyakata, nami nitaikata riziki yako."

"Nimeridhia, bibi," akasema Rubea, na akaapa.

Asali ile ikasifiwa hata ikulu, na Sultani akamwita katikati ya kiangazi, akasema, "Ewe Rubea, wafalme wenzangu wamewasili, na karamu isiyo na asali ni fedheha kwa kiti changu. Ilete, nami nitakuoza binti yangu Shamsa."

Waziri akaziba pua. "Bwana harusi ananuka kama samaki wa kubanika!"

Baraza zima likacheka, na Rubea akarudi nyumbani uso ukimwaka, akachukua kisu.

"Mwanangu, uliapa," akasema Bi Mgeni.

"Nitawaachia kidogo, mama."

"Kidogo hicho wale hadi lini? Mgunga hauna hata ua moja. Au watakula haya zako?"

Rubea akakata, na kila alipotaka kuacha alikisikia kicheko cha baraza, na akakata hata sega la mwisho. Hakuna nyuki aliyemuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu. Wengi walianguka kwa njaa kama punje za mtama, na waliosalia wakaruka na jinni wao, na nyuki wote wa Tamrabadi wakawafuata.

Harusi ikafanyika, na Rubea akavikwa joho la hariri. Mvua ya masika ikanyesha, na maboga na kunde na midimu ikachanua kwa uzuri usiosemeka, na maua, yasiyoguswa na nyuki hata mmoja, yakaanguka bila kuzaa, mwaka huo na uliofuata. Rubea akampelekea mama yake sinia la dhahabu, akamkuta amelala, njaa imemwacha mifupa mitupu.

"Liweke motoni, mwanangu," akasema Bi Mgeni. "Tuone kama litaiva."

Akafa kabla moto haujawashwa.

Rubea akavua joho, akausugua mzinga ule kwa nta, akautundika juu ya mgunga uliochanua, akaketi chini yake. Bumba la jinni likapita juu, likivuma, na kivuli chake kikamgusa usoni, wala halikutua.

Aulaye utajiri wa kiapo kilichovunjwa, waheshimiwa, huwalisha wapenzi wake njaa.

Hekaya hii nimeipokea kwa Bi Salma binti Shali, mfuma mikeka, aliyeisimulia huku akimwachia nyuki atembee mkononi mwake.