Kivumbasi cha Pembe ya Nyumba

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni pakawa au kuku mwenye mafua? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Nawe Zawena, toa mguu motoni, leo hatuchomi nyama.

Hapo zamani za kale, nyumba zilipokuwa za udongo na kila nyumba ina harufu yake, alikuwako msichana jina lake Mbodze. Mbodze alipenda usafi. Alifagia asubuhi, akafagia mchana, akafagia jioni, mpaka kuku wakakosa pa kuchakura. Siku moja wageni wa posa ya dada yake walikuwa njiani. Mbodze akakitazama kivumbasi kilichoota kwenye pembe ya nyumba, akaona ni gugu. Wageni watasema tunaishi porini. Akakishika shinani, akaking'oa na mizizi yake.

Bibi yake akamuuliza, "Umekiomba?"

"Bibi nawe. Majani nayo yanaombwa?"

Bibi akanyamaza. Magoti yake yalikuwa mabovu lakini mdomo ulikuwa mzima, na siku hiyo alinyamaza. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, ogopeni.

— Kama wewe, bibi?

Kama mimi. Sikiliza.

Wageni wakaja, wakala, wakaenda zao. Hakuna aliyeitazama pembe ya nyumba. Zikaja mvua, ikaja baridi, na mama yake Mbodze akashikwa na homa. Kifua kikaziba, akawa anavuta pumzi kama anayevuta kamba ya kisima. Bibi akasema, "Huyu anataka kufukizwa. Chungu ninacho, blanketi ninalo, kuni ninazo. Kivumbasi kiko wapi?"

Mbodze akatoka mbio. Akaenda kwa Ufagio.

"Ufagio, Ufagio, mama hapumui. Kivumbasi kiko wapi?"

Ufagio ukasema, "Unaniuliza mimi? Mkono ulikuwa wako. Nilikisukuma jalalani. Pita, mwana, pita."

Semeni nanyi.

— Pita, mwana, pita!

Akapita. Akaenda kwa Jalala.

"Jalala, Jalala, mama hapumui. Kivumbasi kiko wapi?"

Jalala likasema, "Kililala hapa siku mbili, kikanukia mpaka nikajiona bibi harusi. Kisha kikakauka. Mimi naletewa vilivyokufa, sitoi vilivyo hai. Pita, mwana, pita."

— Pita, mwana, pita!

Akapita, sasa analia. Akakutana na Nyuki.

"Nyuki, Nyuki, mama hapumui. Kivumbasi kiko wapi?"

Nyuki akasema, "Kwenu ndiko nilikokuwa nikinywa kila asubuhi. Ulipoking'oa nilizunguka pembe tupu mpaka bawa likaniuma. Siku hizi naenda mbali. Nifuate, na ufunge mdomo, kilio chako kinanichanganya."

Nyuki akampeleka mahameni, kule watu wa bibi yake walikokaa kabla hawajahama. Kuta zilikuwa zimerudi udongo. Mafiga matatu yalibaki yanatazamana, hakuna chungu. Lakini kila palipokuwa na pembe ya nyumba, palikuwa na kivumbasi. Harufu ikamwingia Mbodze, akajiona mdogo, yuko mgongoni, mama anafikicha jani na kumwekea puani apate kulala.

Akainama. Mkono ukaenda wapi?

— Shinani!

Shinani. Mkono una mazoea yake.

"Wewe tena," Kivumbasi kikasema. "Cha kwenu na cha hapa ni mimi mmoja. Miaka yote hii hajaja mtu huku kunisalimu, na wa kwanza kuja ananikaba shingo."

Mbodze akaachia. Akapiga magoti, akasema kama alivyokuwa akimsikia bibi yake zamani: "Hodi. Mimi ni Mbodze. Mgonjwa ni mama yangu, Nyevu. Naomba cha kutosha chungu kimoja."

"Nyevu namjua. Alikuwa akinimwagia maji ya kunawia, pale kwenu. Chuma juu, acha shina. Na mbegu hizi zilizokauka uchukue. Ila hazioti panapofagiwa."

Mbodze akarudi mbio. Chungu kikachemka, mama akafunikwa blanketi na mvuke wake. Kisha chafya, na ya pili, na ya tatu. Sauti ikatoka ndani ya blanketi: "Nasikia harufu ya nyumbani."

"Uko nyumbani," bibi akamwambia. "Vuta."

Jasho likamtoka, kifua kikafunguka, akaomba uji. Bibi akamgeukia Mbodze.

"Umekiomba?"

"Nimekiomba, bibi."

"Haya. Koroga uji."

Tangu siku hiyo Mbodze alifagia ua wote, akaacha pembe moja. Nanyi, kabla hamjang'oa kitu mlichokikuta, mwulizeni aliyewatangulia hapo kina kazi gani. Siku hizi pembe zote ni saruji. Zamani ulijua umefika kwenu kabla hujaliona paa.

Hadithi nimeiacha pale, kwenye pembe ya nyumba. Atakayeifagia kesho asubuhi, tutaonana mimi na yeye.