Radhi Moja kwa Watu Watatu

Kaeni vizuri, na aliyekuja na simu ailaze kifudifudi. Hadithi hii inazihusu simu, na sipendi zinisikilize ninapozisema. Mwisho nitawauliza swali, na atakayejibu upesi nitajua hakusikiliza.

Palikuwa na mji wa stesheni, treni zinapita na hazisimami. Katika mji huo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu mbaya. Hilo lishikeni. Angekuwepo mbaya, ningewatajia jina lake tukaenda kulala.

Wa kwanza ni Siwema. Kipawa chake kilikuwa kutoa. Ukimwomba chungu, anakupa na mfuniko wake. Ukimwomba kanga ya kuendea msibani, anakupa ile mpya, mwenyewe anajifunga ya jikoni yenye tundu la moto. Wenzake walimwambia atakuja kuazima mwili wake wote abaki kivuli. Alicheka tu.

Wa pili ni Chande, kijana wa duka la kampuni ya simu. Kipawa chake kilikuwa utaratibu. Hapokei kitu chini ya meza, hapindishi, hafahamu sura ya mtu wala cheo chake. Mama yake mzazi alikwenda pale, akapanga foleni. Mkubwa wa polisi alikwenda bila kitambulisho, akarudishwa nyumbani akakichukue. Watu walimlaani wakiwa foleni na kumsifu wakishatoka, maana mji ule ulichoka na watu wa kupindisha mambo.

Wa tatu ni Fundi Pazi, mwenye kibanda ukutani mwa mashine ya kusaga. Simu iliyozama chooni ataifufua, iliyofungwa kwa namba ya siri ataifungua. Lakini kipawa chake hasa kilikuwa mdomo. Aliyoyaona kwenye simu za wake za watu, waume za watu na walimu wa madrasa, hakuna hata moja lililotoka. Walimwita Kaburi, na alilipenda jina hilo.

Sasa Tunu. Tunu aliolewa na Mbaruku, kaka yake Siwema. Ilipotoka amri kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho na kidole, kitambulisho cha Tunu kilikuwa hakijatoka, kama vya nusu ya mji. Basi alifanya walichofanya wote. Aliazima kidole. Watu wa mji ule waliazimana vidole kama wanavyoazimana vinu na mbuzi za kukunia nazi, na hakuna aliyeona ajabu. Siwema alikuwa ameshasajili laini ya jirani, ya muuza maandazi, na ya mwadhini. Akaenda na Tunu akabonyeza kidole chake, laini ikawa ya Siwema kwa sheria na ya Tunu kwa matumizi.

Tunu akamtania, "Wifi, nikitukana watu kwa laini hii utafungwa wewe."

"Basi tukana vizuri," Siwema akasema, "nisifungwe bure."

Walirudi nyumbani wakicheka njia nzima. Nawaambieni hivyo mjue kwamba walipendana.

Mbaruku alikuwa na mkono. Nikisema mkono, wanawake mliokaa hapa mmeshanielewa, na wanaume pia mmenielewa, msiangalie chini. Siku alipoibamiza simu ya Tunu ukutani kioo kikapasuka, Tunu aliona kitakachofuata kubamizwa ni kichwa. Alichomoa laini, simu akaiacha sakafuni, akaondoka na nguo za mwilini. Alikokwenda akapata kazi ya kupika katika shule, akapewa chumba, akanunua simu nyingine. Laini hakuitupa. Kwa nini hakuitupa, mtajua baadaye.

Mbaruku alilia barabarani mchana kweupe. Alisema mke wake ameharibikiwa akili tangu mimba ilipotoka, na sasa anazunguka maporini atakufa na njaa. Hakusema mimba ilitokaje. Akatangaza kwamba atakayemwonyesha alipo mkewe atapewa beberu wake. Beberu huyo mji mzima ulimjua, alivyonona alikuwa anatembea kama mwenye nyumba.

Siwema alikuwa wa kwanza. Kaka yake alipomwambia kwamba laini ya Tunu ina jina lake, na mwenye jina ana haki ya kuiulizia, hakusita. Alimwogopea wifi yake, akimwona usingizini yuko korongoni. Alikwenda dukani akatoa kidole, kama alivyokitoa siku ile. Bila kidole hicho, mlango usingefunguka.

Chande alikuwa wa pili. Kampuni yake ilikuwa imeanza huduma ambayo mwenye laini akiilipia anaonyeshwa mnara upi unashika laini yake. Walisema ni kwa ajili ya simu zilizoibwa, na huduma hiyo ilikuwa inawaingizia fedha kuliko maongezi ya simu. Chande alitazama jina, akatazama kidole, vikalingana. Hakuuliza laini iko mkononi mwa nani, kwa kuwa mashine haikuwa na mahali pa kuuliza hilo. Akautaja mnara. Bila Chande, Mbaruku angetafuta nchi nzima.

Fundi Pazi alikuwa wa tatu. Mnara mmoja unatawala vijiji na mashamba, mtu hamuoni mtu. Mbaruku akampelekea ile simu iliyopasuka. Pazi akabadilisha kioo, akaifungua, akaiunganisha na mtandao. Simu ile ya zamani na mpya aliyonunua Tunu zilikuwa bado zimefungamana kwa akaunti moja, na picha alizopiga kule zilianza kutua huku zenyewe, moja baada ya nyingine: sufuria la shule, watoto na sahani zao, ukuta wenye jina la shule. Bila Pazi, Mbaruku angebaki kuzunguka chini ya mnara.

Lakini kabla picha hizo mpya hazijatua, Pazi alikuwa ameziona za zamani. Tunu alikuwa anajipiga picha mgongo, kwa kioo cha kabati. Mgongo wa mwezi huu, mgongo wa mwezi ule. Pazi alizitazama, akazipita, akamkabidhi mteja simu yake. Hakusema kitu kwa mteja, wala kwa mtu mwingine. Kaburi lilikaa kimya.

Mbaruku akaenda shuleni. Hakupiga kelele wala hakumshika. Tunu alimuuliza, "Umejuaje nilipo?"

Naye akamjibu kwa upole, "Mji mzima umenisaidia."

Basi Tunu akavua aproni ya jikoni akamfuata. Nanyi mngemfuata. Utakimbilia wapi, ikiwa mji mzima unamsaidia?

Siku aliporudi, ubishi ulikuwa juu ya beberu. Siwema akasema ni wake, kwa kuwa kidole ndicho kilichofungua mlango. Chande akasema kidole bila kampuni ni nyama na ukucha, na bila yeye wangekuwa bado wanapiga ramli. Fundi Pazi, ambaye kwa kawaida hasemi, siku hiyo alisema.

"Ninyi mmeonyesha pori," alisema. "Mimi nimeonyesha mtu."

Watu waliokuwepo walichagua upande, wakataniana, wakaitana wachoyo. Mwishowe Mbaruku akakata shauri beberu achinjwe, aliwe na wote pamoja. Wakala, wakasifu mchuzi. Aliyeupika ni Tunu. Alipakua kwa kila mmoja wao, na Siwema anasema alipompa sahani hakumtazama usoni.

Kabla ya mvua za vuli Tunu alikuwa amekufa. Mbaruku yuko jela, na simtii katika fumbo langu. Muuaji hana fumbo.

Matanga yaliwekwa kwa mama yake Tunu, Bi Mwanjaa, mfumaji wa mikeka. Kampuni ya simu ilileta turubai na chupa za maji zenye jina lake, na mwanamke wa makao makuu aliyevaa vizuri. Wafiwa walimuuliza kuhusu ile huduma. Akasema wanasikitika sana, ila wameangalia, na kisheria marehemu hakuwa mteja wao. Mteja wao ni Siwema, na alihudumiwa ipasavyo. Akapiga picha na turubai, akaondoka. Bango la huduma ile liko barabarani mpaka leo, lina picha ya mume na mke wanacheka: *Jua alipo umpendaye.* Kampuni haikuomba radhi, kwa hiyo nayo haimo katika fumbo. Ukitaka kuiingiza, kaitafute wewe uso wake uko wapi.

Walioomba radhi ni wale watatu. Walikuja pamoja, wakasimama mlangoni, hakuna aliyetaka kutangulia. Na waliobishana juu ya beberu walibishana tena, ila sasa kila mmoja aliyesema kazi ni yake alisema kazi ni ya mwenzake. Bi Mwanjaa aliwasikiliza mpaka wakachoka. Hakulia. Alikuwa na ukindu mkononi, hata siku hiyo.

"Radhi ninayo moja," akasema. "Nimejipekua moyoni nimekuta moja. Nikiwapa wawili, kwa wa pili nitakuwa naongopa, na Mungu ataniona. Semeni, kila mtu na lake."

Siwema alipiga magoti. Akasema, "Mama, mimi sikujua. Kaka yangu alilia nikamwamini. Nilitoa kidole kwa kumpenda Tunu, mara ya kwanza na ya pili."

Bi Mwanjaa akamuuliza, "Ulikaa naye ua mmoja. Alipofunga mtandio mpaka shingoni wakati wa joto, ulidhani anaona baridi?"

Siwema akainuka, akampisha Chande.

Chande alisimama wima. Alisema yeye hakumjua Tunu wala Mbaruku. Alikuja mwenye laini akapewa haki yake. "Mama, ningemkatalia mwenye haki, siku hiyo ningekuwa mpindishaji. Mnataka mtu wa dukani awe anachagua nani ahudumiwe na nani asihudumiwe, kwa kumtazama usoni?"

Bi Mwanjaa akasema, "Laini ile ilikuwa inaita kila Ijumaa kutoka upande mwingine wa nchi, na mwenyewe amesimama mbele yako. Hukujiuliza anayeita ni nani?"

"Nilijiuliza," Chande akasema. "Lakini hapakuwa na mahali pa kuliandika."

Fundi Pazi alikaa chini, mikono mapajani. "Mimi niliona," akasema. "Niliona mgongo. Nimeona migongo mingi katika simu za mji huu, mama, na ningeisema yote hakuna mwanamke ambaye angethubutu kuniletea simu yake tena. Siri ya Tunu niliitunza kama ninavyotunza ya kila mtu."

Bi Mwanjaa akamwambia, "Ulimfichia nani? Mwenye mgongo, au mwenye mkono?"

Ubishi ukaanza uani. Wanawake wa jikoni walisema radhi apewe Siwema, kwa kuwa alipenda, na kwa kuwa hakujua. Wengine wakawajibu kwamba asiyejua kilicho nyumbani kwake hakutaka kujua. Wanaume wa barazani walisema apewe Chande, maana yeye peke yake ndiye hakuwa na deni la undugu wala la macho, alifuata sheria tu. Wakaulizwa kama sheria ndiyo imekufa hapa. Na mzee mmoja akasema apewe Pazi, kwa kuwa yeye peke yake amesema kweli bila kuulizwa. Mkewe akamkata kauli akasema kweli hiyo imechelewa, ingesemwa mapema Tunu angekuwa hapa anatupakulia.

Ndipo Bi Mwanjaa akaweka ukindu chini.

"Hamjaniuliza kwa nini hakuitupa laini," akasema. "Alitaka kuitupa. Siku ya kwanza alinipigia akasema, mama, hii naivunja. Mimi nikamwambia asiivunje. Namba nyingine sijui kuisoma, ile naijua kwa sura yake, ikiita najua ni mwanangu. Nikamwambia, niite kila Ijumaa nikusikie tu. Akaniita kila Ijumaa."

Simu ya Tunu ilikuwa juu ya mkeka pamoja na kanga zake, na wakati ule ule ikalia kwa ujumbe. Mtoto mmoja akausoma kwa sauti kabla hajazuiwa: *Ndugu mteja, tumekukumbuka. Ongeza salio uendelee kuwa karibu na uwapendao.*

Bi Mwanjaa akaigeuza simu kifudifudi.

"Kwa hiyo tuko wanne," akasema. "Na radhi ni ileile moja."

Hadithi yangu imefika hapo, na haikwenda mbele. Wale watatu walirudi makwao bila jibu, na Bi Mwanjaa amerudi kwenye mikeka yake. Siwema haazimi mtu kitu tena, hata chungu. Chande bado yuko dukani. Pazi amefunga kibanda.

Sasa ni zamu yenu. Mmoja alitoa bila kuuliza, mmoja alifuata sheria bila kutazama, mmoja aliona akanyamaza, na mmoja alitaka tu kusikia sauti ya mwanawe. Na wewe unayenitazama, ambaye laini yako ina kidole cha mtu nisiyemjua: radhi hiyo moja ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani, na wale wengine ungewaambia nini?