Viini vya Hidaya

Ukiona kiini, ulizia ute. Nimesikia mwenzenu akiambiwa hivyo asubuhi hii, mkacheka, kisha mkaniuliza mayai yameingiaje kwenye mambo ya watu. Swali zuri. Chanzo cha msemo huu nakijua, wala sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na lau mdomo wangu ungetulia, msemo wenyewe usingezaliwa. Sogezeni hayo makarai, endeleeni kumenya vitunguu saumu mkinisikiliza. Methali hii ilianza uani kwetu, hapa hapa Ngamiani, miaka ile mama zenu wengine bado wanavaa sare za shule.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, na ua wa nyuma wenye jiko la pamoja chini ya bati. Mimi napenda nyumba iliyojaa. Nyumba ya mtu mmoja naiona kama chungu kisicho na mboga. Pale kwetu hata ukibandika maji, jirani anajua anayekwenda kuoga ni nani. Tulipikiana, tulileleana watoto, na tulisemana. Sitawadanganya, tulisemana sana.

Vyumba viwili vya mbele alikaa Mzee Mbaruku, mstaafu wa reli, pamoja na mwanawe Athumani na Hidaya, mke wa Athumani. Athumani alikuwa dereva wa lori, siku kumi yuko barabarani, siku mbili yuko nyumbani. Kwa hiyo aliyemtunza mzee ni Hidaya. Binti wa Lushoto huyo, mpole, ndoa yake ilikuwa na miaka miwili tu, na maneno yake ungeweza kuyahesabu. Mtu wa maneno machache kwenye nyumba ya watu wengi yuko taabuni, maana asichosema yeye watamsemea wengine.

Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa mayai. Kila asubuhi mawili, ya kukaanga, kiini laini, anakitoboa kwa ncha ya mkate, anachovya, anafumba macho. "Kiini ndicho yai," alizoea kutuambia. "Hayo mengine ni karatasi ya kufungia."

Basi mwaka ule mzee akaugua. Alilazwa siku nne, akarudi amepungua, anatembea kwa kushika ukuta. Tulipomuuliza alisema ni malaria. Tukampelekea uji, tukampelekea machungwa, tukamshukuru Mungu. Haikupita wiki nikaanza kuona mambo.

Asubuhi moja nawasha mkaa, Hidaya akaja na mayai matatu na bakuli. Akagonga yai la kwanza kwenye ukingo wa bakuli, taratibu, akaligawa nusu kwa nusu. Kiini akakihamisha kutoka ganda hili kwenda ganda lile, na kukirudisha, kama mtu anayepoza chai ya mtoto, huku ute ukidondoka bakulini. Kiini chenyewe akakitia kwenye kikombe. La pili hivyo hivyo, na la tatu hivyo hivyo. Kwenye ute akatia chumvi ya kubana kwa vidole, kitunguu na hoho alizozikatakata ndogo ndogo, akapiga kwa uma mpaka ukafanya povu. Kikaango hakukimiminia mafuta. Alikipangusa tu kwa kitambaa chenye mafuta, akakipangusa tena. Akapunguza mkaa, maana ute ukipata moto mkali unakuwa mpira, akamimina, akafunika. Kimanda kilipotulia akakikunja. Kilikuwa cheupe pe. Akakiweka kwenye sahani safi, akakifunika, akampelekea mzee chumbani.

Aliporudi, vile viini vitatu akavikaanga upesi upesi. Akageukia ukuta, akanipa mgongo, akala. Alikula mbio, kama mtu anayeogopa kukutwa. Kisha akaosha kikombe, akaosha kikaango, akafuta hata kibao alichokatia hoho.

Ningemuuliza pale pale, tungekuwa tumemaliza. "Hidaya, mwanangu, mbona leo kimanda hakina rangi?" Maneno saba tu hayo. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kupungukiwa na swali, siku ile ukafumbika. Kwa nini? Kwa sababu nilikwisha kujipa jibu mwenyewe, tena jibu tamu kuliko lolote ambalo angenipa yeye.

Kesho yake nikachungulia, mambo ni yale yale. Keshokutwa vile vile. Siku ya nne nilikuwa nasukwa kwa shoga yangu, Barabara ya Kumi na Mbili, maneno yakanitoka.

"Mke wa Athumani anampa mkwewe maji ya yai," nikamwambia. "Viini anakula yeye, tena kwa kujificha."

"Yule mpole?"

"Mpole! Paka naye mpole, mpaka umwachie samaki."

Chumvi sikuongeza, wallahi. Waliongeza wengine njiani. Barabara ya Kumi na Tano walisikia mzee analala na njaa. Barabara ya Ishirini wakasikia Hidaya anawauzia viini waoka keki. Mpaka habari inafika Muheza kwa binti wa mzee, ilikuwa imekuwa kwamba baba yake anauawa polepole kwa kunyimwa chakula.

Huyo binti aliitwa Mwanamkasi, na jina lilimkaa, kwani ulimi wake ulikata kwa pande zote mbili. Jumamosi, saa tatu asubuhi, tukamwona anaingia uani, buibui limejaa vumbi la njiani, mkono mmoja mfuko wa mayai ya kienyeji, mkono wa pili kopo la samli. Hakusalimu mtu. Alimkuta Hidaya ameshatenga viini vitatu kikombeni, na ute umo bakulini.

"Kumbe kweli," akasema. "Nilidhani wananitania. Kumbe kweli!"

"Karibu, wifi. Za Muheza?"

"Za Muheza utazisikia. Hivyo viini vya nani?"

Hidaya akakifunika kikombe kwa kiganja.

"Nakuuliza, vya nani? Au kuku atakuja kuvichukua?"

Pale uani tulikuwa wanawake watano. Hakuna aliyekuwa na kazi, ila kila mmoja alipata ungo wa kuchambulia mchele.

"Wifi, niache kwanza nimpelekee baba chakula," Hidaya akasema. "Halafu tutazungumza."

"Hupeleki kitu. Leo baba yangu anakula yai la binti yake."

Mwanamkasi akavuta jiko, akachota samli vijiko vitatu vilivyojaa, akapasulia humo mayai manne mazima. Ua mzima ukanukia. Viini vikasimama kikaangoni, vinang'aa. Na huku anakaanga, anasema: "Athumani nimeshampigia simu. Amesema nikikuta ni kweli, ufunge mizigo yako, nikurudishe Lushoto kwa mama yako leo leo."

Nikamwona Hidaya anashika nguzo ya bati. Matusi ya wifi alikuwa anayamudu. Hilo la "Athumani amesema" ndilo lililompiga. Mumewe ameambiwa kwa simu, ameamini, amehukumu, na yeye hajaulizwa hata mara moja.

Mwanamkasi akanyanyua sahani, akaelekea ukumbini. Hapo yule mtu wa maneno machache akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akamtangulia, akasimama mlangoni, mikono ameishika miimo yote miwili.

"Lushoto nitakwenda, wifi," akasema. "Mizigo nitafunga. Lakini hiyo sahani haipiti."

"Unamnyima baba yangu mbele ya macho yangu?"

"Namnyima."

"Mmesikia, jamani? Mmesikia kwa masikio yenu?" Mwanamkasi akatugeukia sote, kisha akanikazia macho mimi. "Mama Zahoro, wewe ndiye uliyeona. Sema!"

Nikasema. Ee, nilisema. "Nimeviona viini. Vitatu kila siku. Anakula akitazama ukuta."

"Hidaya, mwanangu, nipishe."

Ilikuwa sauti ya mzee kutoka ukumbini. Alikuja polepole, kiganja kimoja ukutani. Hidaya akampisha. Mzee Mbaruku akaipokea ile sahani kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso, akavuta harufu yake mpaka mwisho. Nilidhani atakula. Hata Hidaya alidhani atakula, maana alipeleka mkono. Kisha mzee akamrudishia binti yake sahani.

"Mwanamkasi, umetoka Muheza kuja kuniua?"

"Baba!"

"Sikuugua malaria. Ni moyo. Daktari amenipiga marufuku samli, nyama ya mafuta, na kiini cha yai. Amenibakishia ute. Huyu mtoto nilimwapisha asimwambie mtu, wewe wala mumewe. Mbaruku mzima, asemwe uani kwamba hata yai limemshinda? Niliona haya."

Mwanamkasi sauti ikamshuka. "Sasa viini, baba? Kwa nini avile kwa kujificha?"

Mzee akacheka kidogo, cheko la mtu aliyefumaniwa. "Siku ya kwanza aliviacha kikombeni, akanikuta nimenyemelea huko jikoni na kijiko mkononi. Tangu hapo amesema sitaviona tena. Kutupa riziki nimemkataza. Basi afanye nini? Anavimaliza kabla mimi sijamaliza kimanda, na anageukia ukuta ili nikitokea mlangoni nisione."

"Wala sivipendi," Hidaya akasema, machozi yanamtoka. "Vimenikinaisha, wifi. Nikisikia tu kuku anataga, natamani kukimbia."

Mmoja wetu akacheka, kisha sote tukacheka, kicheko cha watu waliopata mahali pa kujifichia. Mzee hakucheka. Alituzungushia macho mpaka tukanyamaza.

"Nani aliyeona viini?"

"Mimi, mzee," nikasema.

"Uliona viini. Na ute je? Uliulizia habari yake?"

"Sikuulizia."

"Siku nyingine, Mama Zahoro, ukiona kiini, ulizia ute. Yai halina upande mmoja."

Hakusema zaidi. Akageuka, akarudi chumbani kungoja kimanda chake cheupe, na Hidaya akainama kuchochea mkaa. Mwanamkasi aliketi kwenye kigoda, sahani ya mayai imempoa mapajani, hata kula hakula.

Usiku na mchana nimelitafakari neno lile. Ute ulipita mbele ya macho yangu kila asubuhi. Niliuona unavyopigwa, unavyotiwa hoho zilizokatwa kwa subira ile, kikaango kinavyopanguswa mara mbili, sahani inavyofunikwa. Mtu anayekupunja hakutengenezei chakula namna ile. Ushahidi wote ulikuwa kwenye bakuli, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye kikombe.

Hidaya hakurudi Lushoto. Athumani alikuja, akamwomba radhi mbele ya baba yake, naye akamsamehe. Mwanamkasi alimletea kanga, doti mbili, na tangu siku hiyo alimwita "mdogo wangu". Mimi nilimwendea chumbani kwake, nikapiga magoti, kwa umri niliokuwa nao mbele ya ule wake. Akaniambia, "Yamekwisha, Mama Zahoro." Lakini tangu wiki ile alinunua jiko dogo, akawa anapikia ndani, dirisha amelifungua, mlango ameufunga. Nyumba ilikuwa imejaa vile vile, lakini mtu mmoja alikuwa ametoka humo bila kuhama. Sisi tuliopenda kujazana uani tukawa tunasikia tu uma ukigonga bakuli, ta, ta, ta, anapiga ute wa mzee.

Nikasema nitazungukia nyumba zilizofikiwa na maneno yangu. Kiini nilikisambaza nikiwa nimekaa, nasukwa, wala sikuinuka kwenye mkeka. Ute nilitembea nao kwa miguu, barabara baada ya barabara. Nagonga hodi, nakaribishwa, naeleza. Wengine wananiambia, "Aa, lile? Tumekwisha kulisahau." Kisha Hidaya akipita sokoni nawaona wanagusana viwiko. Wengine walikuwa wamehama, wamekwenda Dar, wamekwenda Mombasa, wamekwenda nalo. Kule sikuwa na nauli ya kufika kwenye kila mlango.

Miaka mingi imepita. Mzee Mbaruku alikula kimanda cheupe miaka sita mingine, akilalamika kila siku kwamba kina ladha ya kuta za hospitali, kisha akafariki salama kitandani mwake. Lakini mwezi uliopita tu, msibani, mama mmoja nisiyemjua alikuwa anahadithia habari za mwanamke wa Ngamiani aliyemlia mkwewe viini mpaka mzee akafa. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Mwenzangu, habari hiyo ni yangu, na hapo umefika nusu yake." Nikakaa naye mkekani, nikaanza upya: mayai matatu, bakuli, kikombe.

Ndiyo maana mnaambiwa, wanangu, tena muulize mapema, pale pale jikoni, yai likiwa bado liko mikononi mwa mwenyewe: ukiona kiini, ulizia ute.