Jiwe la Vuai

"Jiwe huzikwa, mwana huitwa." Methali hii ilianza hivi, Bi Mize aliwaambia wajukuu zake, waliomsikia akimwambia maneno hayo jirani aliyemkatia tamaa mwanawe aliyepotelea bara. Wekeni chini hizo kamba, mnisikilize, maana haya hayasimuliwi mbiombio.

Zamani, hapa kisiwani Shungi, aliyemezwa na bahari asionekane alizikiwa jiwe. Lilioshwa, likavikwa sanda, likaitwa jina lake kwa mara ya mwisho, likafukiwa. Tangu hapo jina lile halikutajwa. Aliyelitaja alikuwa amelifukua, na kaburi halikubali kubaki tupu.

Na ada ya pili mmeikuta wenyewe: atokaye safari hakanyagi mchanga mpaka mtu wa kwao amwite jina. Majini huvaa sura za watu, lakini kuitika hawawezi.

Basi alikuwapo mama mjane na mwanawe wa pekee, Vuai. Vuai alikwenda kukata boriti za mikoko kisiwa cha pili, dhoruba ikamkuta njiani, asionekane tena. Mama alikataa jiwe. Watu wakamsema, eti anamnyima marehemu kupumzika, hata akachoka. Akaliosha jiwe kwa mikono yake, akaliita Vuai, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mvua za vuli zilipokwisha, Vuai akarudi. Mashua ya wageni waliomwokoa ilimshusha, ikageuza. Alisimama majini, amekonda, akingoja kuitwa. Maji yalikuwa yanajaa, na pwani nzima hakuna aliyethubutu kumwita.

"Niiteni, jamani! Mama, niite!"

Mama alimgeukia Bwana Pandu, mkuu wa ada. Moyo ulikuwa unamwuma kwa jiwe lile aliloliosha mwenyewe.

"Bwana Pandu, huyu ni mwanangu."

"Namjua, dada yangu. Kuogelea nimemfundisha mimi. Lakini jina lake liko chini. Ukilitaja, kaburi litataka mtu, na sijui litamchukua mtoto wa nani."

"Mtoto wa watu haguswi. Nizikieni jiwe mimi mahali pake."

"Utakuwa mfu aliye hai. Hakuna atakayekuita tena."

"Nilimzaa yeye, Bwana Pandu. Sikuzaa jiwe."

Maji yalikwisha kumfika Vuai kifuani. Mama akapaza sauti: "Vuai! Vuai wangu, njoo nyumbani!"

"Labeka, mama!"

Siku ile ile walimzikia mama jiwe. Aliishi sana baadaye, akapika, akacheka na wajukuu, na jina lake halikumtoka mtu kinywani. Msiniulize aliitwa nani. Silijui, na aliyenisimulia hakulijua, na jambo hilo hunitia huzuni kila nikilikumbuka.

Lakini majirani walisikia sauti ya Vuai kila asubuhi, akibisha mlangoni kwa mamake: "Mama!" Mama si jina, kwa hiyo ada haikuweza kumkataza.

Ndiyo maana nimemwambia jirani yetu asichoke. Jiwe huzikwa, mwana huitwa.