Bwana Harusi na Simba wa Kinyozi

Mfikirieni, ndugu zangu, bwana harusi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi siku yenyewe ya harusi. Ibada ilikuwa saa nane. Baba mkwe alishasema wazi: kijana akichelewa, wao wanageuza gari na binti yao wanarudi naye nyumbani.

Ukutani kinyozi alikuwa amechora simba mkubwa, maana kibanda chake kiliitwa Simba. Kijana, kwa furaha tu, akachokoza. "Fundi, huyu simba wako akikutana na chui milia, anakula kichapo."

Mashine ikazimwa. "Unasemaje?"

"Chui milia ni mzito kumzidi. Anaogelea, anaruka mbali, miguu ya nyuma ina nguvu ajabu."

"Na shingo je? Simba ana manyoya shingoni, huyo wako atamng'ata wapi? Simba akinguruma, vijiji vitatu vinafunga milango! Kwanza umewahi kumwona huyo chui milia?"

"Wewe umemwona?"

Hakuna aliyemwona. Chui milia wanaishi Asia huko! Lakini walipandishiana sauti mpaka kinyozi akasema, "Kubali simba ni zaidi, ndipo nikumalizie." Kijana akavua kitambaa, akatoka. Upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili kichaka. Mnacheka? Nyinyi mliwahi kutoka wapi na kichwa cha namna hiyo?

Dakika kumi kabla ya saa nane alikuwa amejibanza nyuma ya kanisa, koti kichwani. Aingie hivyo, bibi harusi azimie? Arudi, akubali simba? Hilo la pili, hapana! Na huku machozi yanamtoka, maana yule binti alimpenda kweli.

Mara akasikia mtu anahema. Kinyozi! Mashine ya betri mkononi, kandambili moja imebaki njiani.

"Kaka, chui milia kashinda. Inama nikunyoe."

Kijana akainama, na aibu ikamshika, kwa sababu alijua fika kwamba kinyozi bado anaamini simba wake. Akanyolewa, akafutwa shingo kwa leso, akaingia kanisani zikiwa zimebaki dakika mbili.

Sasa niambieni, ndugu zangu, pale nyuma ya kanisa mwenye nguvu alikuwa nani? Yule aliyekuwa tayari kupoteza mke kwa ajili ya mnyama asiyemjua, au yule aliyekimbia barabara nzima kwenda kushindwa?

Sisi tumenuniana na ndugu zetu miaka na miaka. Ukituuliza ugomvi ulianzia wapi, tunakuna kichwa. Tunachokumbuka vizuri ni kwamba mimi sikushindwa. Haya, hukushindwa. Na mezani kwako Krismasi iliyopita, kiti cha nani kilikuwa kitupu?

Ukitoka hapa leo, usipitie nyumbani kula kwanza. Nenda kwake. Akifungua mlango, usianze kueleza. Mwambie, "Umeshinda," halafu uombe maji ya kunywa.