Maziwa ya Binti Daham

Kisa hiki nimekipokea kwa mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye alikipokea kwa mwalimu wake, na nijuavyo mimi hakuna aliyekisimulia akiwa ametulia. Nilikuwa nimekiweka tu. Leo nakitoa kwa sababu juzi, baada ya sala ya Alasiri, mzazi mmoja wa chuo chetu alinivuta pembeni akaniomba, kwa sauti ya chini kabisa, nimhamishe binti fulani asikae karibu na mwanawe wakati wa kuhifadhi Qur'ani. Nikamuuliza binti amefanya nini. Akanijibu, "Hajafanya kitu, maalim. Lakini baba yake si unamjua alivyo?"

Hajafanya kitu! Nilirudi ndani nikakaa, nikashindwa hata kufungua msahafu. Basi kaeni vizuri mnisikilize, na mwenye haraka aende zake.

Zamani sana, katika nchi ya Yemen, palikuwa na mji wa nyumba za udongo, na kadhi wa mji huo aliitwa Mundhir bin Aswad. Alikuwa mchamungu kwelikweli, wala simsemi kwa kejeli. Mtu mwenye kesi kwake hakuweza kumpa hata tende moja. Umri wake ulikuwa umefika miaka arobaini, na kwa muda mrefu hakujaaliwa mtoto. Kisha mkewe akajifungua mtoto wa kiume, akafariki siku hiyohiyo, Allah amrehemu. Mtoto akaitwa Haitham.

Mama yake kadhi, Bibi Lubaba, ndiye aliyemtafutia mjukuu wake mnyonyeshaji. Akamleta mwanamke mmoja kutoka mtaa wa wafinyanzi, Ghaniya, aliyekuwa na binti yake mchanga na maziwa ya kuwatosha watoto wawili. Ilikuwa desturi ya mji ule kwamba mnyonyeshaji hakubaliwi mpaka tabibu amtazame. Basi akaitwa Tabibu Sarraji, akatonesha tone moja la maziwa juu ya ukucha wa kidole gumba, akakiinamisha kidole huku na huku, akasema, "Mazito kiasi, meupe, matamu. Huyu ni mwanamke wa tabia ya utulivu." Walipouliza ni binti wa nani, Bibi Lubaba akasema, "Namjua mama yake," na hakuna aliyeuliza zaidi. Lishikeni vizuri hilo tone la maziwa, tutalirudia.

Miezi minne mtoto akanawiri, mashavu yakajaa, akawa akimwona Ghaniya anapiga mateke kwa furaha. Ndipo akarudi kutoka Hija mtu mmoja mjuzi wa nasaba, aliyejisifu kwamba anazijua koo za mji mzima mpaka babu wa saba. Akaja kumpa kadhi pole na pongezi, akamwona Ghaniya akipita uani. Akashika ndevu zake. "Bwana Kadhi, unajua anayemnyonyesha mwanao ni nani? Huyo ni binti Daham! Daham aliyevunja ghala la mji mwaka wa ukame akaiba nafaka ya watu!"

Kadhi akabadilika rangi. Hebu mwoneeni huruma kidogo, maana alikuwa baba mwenye mtoto mmoja tu, na aliogopa kwa dhati kwamba mwanawe atakua mwizi. Lakini huruma yenu iishie hapo. Mtu ambaye kila siku alidai mashahidi wawili waadilifu kwa ugomvi wa mbuzi, siku hiyo hakudai hata mmoja. Aliita wataalamu.

Wakaketi watatu sebuleni. Tabibu Sarraji akasema kwamba maziwa ni damu iliyopikwa ikawa nyeupe, na ndani ya damu hukaa mchanganyiko wa mtu: damu yenyewe, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na huo mchanganyiko ndio tabia, basi anyonyaye maziwa ananyonya tabia. Mnajimu akapinga, akasema tabia inaandikwa na nyota saa ya kuzaliwa, ila maziwa yanaweza kuiharibu nyota njema. Mjuzi wa nasaba akawacheka wote wawili, akasema hakuna nyota wala nyongo, mtu ni babu zake. Wakabishana kuanzia adhuhuri mpaka kahawa ikapoa mara tatu. Katika jambo moja tu walikubaliana: Ghaniya aondoke.

Tabibu akaomba tone jingine. Likatoneshwa juu ya ukucha uleule, wa mtu yuleyule, kutoka titi lilelile. Akalitazama akatikisa kichwa. "Yanakimbia. Ukali wa nyongo umezidi. Wizi umo." Jamani! Miezi minne nyuma yalikuwa matamu! Kilichobadilika ni maziwa au ni jina alilolisikia?

Ghaniya akaitwa. Kadhi akamwambia, "Binti Daham, sijakushika na kosa lolote. Nakuondoa kwa tahadhari tu."

"Baba yangu aliiba, Bwana Kadhi," akasema Ghaniya. "Sikatai, na mji mzima unajua. Nimekaa nyumbani kwako miezi minne. Uliza kilichopotea."

"Tabia hujificha."

"Na uaminifu je, haujifichi? Mbona huo huogopi kuukosa?"

Kadhi akakosa jibu, na mtu mkubwa akikosa jibu hutafuta kosa. Akasema, "Basi nikwambie lililoniudhi. Mara ngapi nimeingia uani na ushungi wako uko mabegani, wala hukushtuka, wala hukujifunika? Mwanamke mwenye haya hufanya hivyo mbele ya mwanamume asiye ndugu yake wa karibu, asiye maharimu wake?"

Wataalamu wakatazamana, kama kwamba ushahidi wa mwisho umeletwa. Ghaniya akafumbua mdomo, kisha akaufumba. Akageuka kumtazama Bibi Lubaba aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ndani. Bibi Lubaba akatazama sakafu. Ghaniya akainama, akambusu mtoto utosini, akampakata binti yake, akaondoka.

Wakaleta mnyonyeshaji aliyechaguliwa na tabibu, mwanamke mpole wa balghamu nyingi. Mtoto akageuza uso akalia. Wakaleta wa ukoo mkubwa aliyechaguliwa na mjuzi wa nasaba. Mtoto akaushika ukoo huo mkubwa mdomoni kidogo, akautema. Wa nyota njema akaja, akarudi. Wakajaribu maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, akatapika. Siku ya tatu sauti yake ikawa imekauka, analia bila machozi, na utosi wake ukawa umebonyea. Mliolea mnajua maana yake.

Na wale mabwana watatu, mnadhani walitahayari? Wapi! Walikuja kila siku na maelezo mapya. Tabibu akasema, "Mnaona? Tabia ya mwizi imeshamwingia. Ndiyo maana anakataa cha halali." Mtoto wa miezi minne anakufa kwa njaa mikononi mwao, nao wanamsengenya! Laa haula wala quwwata illa billah. Nikifika hapa kila mara nataka kuinuka niondoke, lakini kisa hakijaisha.

Siku ya nne baada ya Alasiri, Bibi Lubaba aliswali, akakaa sana juu ya msala. Yeye peke yake ndani ya nyumba ile alijua jambo ambalo lingemrudisha Ghaniya siku hiyohiyo, na alikuwa amelificha karibu miaka arobaini. Kulisema ilikuwa kujivunjia heshima mbele ya mwanawe na mbele ya mji. Kutolisema ilikuwa kumzika mjukuu. Hakuna mwingine wa kumtua mzigo huo. Akainuka, akajifunga vizuri, akaingia sebuleni walikoketi wanaume.

"Tabibu," akasema, "unaposema maziwa huhamisha tabia, unasema kwa hakika au unabahatisha?"

"Kwa hakika, Bibi. Ni elimu ya wazee wetu."

"Na tabia ya mwanangu Mundhir unaionaje?"

Tabibu akatabasamu, maana alidhani ameombwa kusifu, na kusifu alikuwa hodari. Akasema mchanganyiko wa kadhi umesawazika kama mizani, na yeyote mwenye elimu anatambua mara moja kwamba alinyonya maziwa safi ya mama mwenye asili. Mjuzi wa nasaba akaitikia. Mnajimu naye akaitikia.

"Basi sikilizeni," akasema Bibi Lubaba. "Nilipomzaa Mundhir maziwa yangu yalikauka wiki ya kwanza. Aliyemnyonyesha miaka miwili kamili ni Jumana, mke wa Daham. Alimpenda kama mwanawe. Kisha ukaja ukame, Daham akaiba, nasi tukaona aibu. Nilimwendea Jumana nikamtaka aniahidi kwamba hatamtamkia mtu kwamba alimnyonyesha mwanangu. Akaahidi. Hata shukrani sikumpa. Mundhir, huyo uliyemfukuza ni dada yako wa kunyonya, na dada wa kunyonya ni maharimu kama wa kuzaliwa. Hakujifunika kwa sababu hana haja ya kujifunika kwako. Yeye alijua. Wewe ndiye hukujua, na mimi nilisimama pale mlangoni nikanyamaza. Niombeeni msamaha kwa Mola wangu."

Kisha Tabibu Sarraji, msiniulize alipata wapi ulimi, akakohoa akasema, "Aa! Sasa nimeelewa. Ndiyo maana nimekuwa nikiona kwa Bwana Kadhi ukali fulani wa nyongo..."

"Toka," akasema kadhi.

Akatoka, na wenzake wakatoka. Kadhi Mundhir hakutafuta hata viatu. Akamchukua mwanawe ndani ya shuka, akavuka soko peku mchana kweupe, watu wakimtazama, mpaka mtaa wa wafinyanzi. Akabisha. Ghaniya akafungua mlango, binti yake akiwa begani. Kadhi alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakampotea yote likabaki moja.

"Dada," akasema.

Ghaniya hakuuliza nani amemwambia. Alitazama shuka tu. "Nipe mtoto," akasema. Akaketi palepale kizingitini. Mwanzo mtoto hakuwa na nguvu hata ya kushika. Ghaniya akamkamulia matone mdomoni, moja baada ya jingine, huku akimsemesha, mpaka koo dogo likaanza kumeza. Kadhi akakaa chini mavumbini akalia mbele ya wafinyanzi.

Mtoto aliposhiba akalala, kadhi akasema, "Ungesema neno moja tu siku ile, nisingekufukuza. Kwa nini hukusema?"

"Mama yangu aliniusia kabla hajafa. Akaniambia una kaka mjini, ukipata nafasi ya kumtendea wema mtendee, lakini usimwambie, maana nimeahidi. Ile ilikuwa amana, kaka. Jana na juzi nilitaka kuja kupiga kelele mlangoni kwako, maana nilisikia mtoto hanyonyi. Nilimtuma jirani kwa mama yako mara mbili, nikamwomba aseme mwenyewe." Akajifuta uso. "Baba yangu aliiba cha watu. Wewe ulinifukuza kwa kuogopa nitaiba. Ulitaka siku hiyohiyo ndiyo nianze, na amana ya mama?"

Imepokewa kwamba kadhi Mundhir aliacha kuhukumu mwaka mzima, akisema mtu aliyemhukumu dada yake kwa jina la baba yake hafai kukalia kiti kile mpaka ajifunze upya kuuliza. Na Bibi Lubaba alikwenda kaburini kwa Jumana kila Ijumaa mpaka alipofariki, Allah awarehemu wote.

Sasa nyinyi. Najua mna elimu zenu mpya. Siku hizi hamtoneshi maziwa juu ya ukucha; mnauliza maswali kwenye karatasi, kisha mnasema huyu ni mkimya wa aina hii, huyu ni mkali wa aina ile, huyu kafuata damu, huyu kafuata mtaa. Sikatai yote. Nyumba ina kazi yake kwa mtoto, na njaa ina kazi yake, na mama ana kazi kubwa kuliko vyote. Lakini mbona kadhi na Ghaniya walinyonya titi moja, na siku ya mtihani mmoja akadhulumu na mwingine akasitiri? Mtu hupewa vitu vingi kabla hajazaliwa. Anachofanya navyo kila asubuhi ataulizwa yeye, si babu yake, wala nyota. Na yule binti hahami. Atakaa palepale alipo, safu ya mbele, na mzazi anayeona vibaya amhamishe mwanawe.

Nilipokuwa kijana, mwalimu wangu alipomaliza kisa hiki, nilimuuliza, "Maalim, na yule Haitham alipokua, alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinitazama kwa hasira ambayo mpaka leo naikumbuka. "Ala! Nimesema muda wote huu," akaniambia, "na wewe nawe unataka kupima maziwa?"